Mlinzi wa geti tunamlipa kila mwezi, seva je?

Jumapili moja asubuhi niliitwa na chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Nairobi. Mfumo wa wanachama ulikuwa ukijikokota tangu Ijumaa. Nilipoingia kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo huo, nilikuta programu ngeni ikila karibu nguvu zote za prosesa, ikichimba sarafu za kidijitali kwa faida ya mtu tusiyemjua. Alikuwa ameingia kwa akaunti ya kijana aliyekuja kufanya mafunzo ya kazi, akamaliza miezi yake mitatu, akaaga. Kijana aliondoka, akaunti ikabaki. Nywila yake ilikuwa jina lake na mwaka.

Mama mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. "Kijana wangu, si mlituambia hii Linux haiingiliki? Ama ni kwa sababu kila mtu anaweza kuisoma?"

Swali hilo nimelisikia katika ofisi nyingi za mji huu, na linastahili jibu la heshima. Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta ambao msimbo wake, yaani maandishi yanayouunda, uko wazi kwa yeyote kuusoma. Mama, nilimwambia, mwizi huyu hakusoma hata mstari mmoja wa msimbo. Hakuwa na haja. Kuna programu zinazobisha usiku na mchana kwenye mlango namba 22, ule wa SSH unaotumika kuingia kwenye seva kutoka mbali, wa kila seva iliyo kwenye intaneti, zikijaribu majina kama root, admin na test pamoja na nywila rahisi rahisi. Washa seva mpya leo, kesho ufungue faili ya /var/log/auth.log, inamoandikwa kila jaribio la kuingia, utaziona zimepanga foleni.

Msimbo ulio wazi unaweza kuingiliwa, sikatai. Machi 2024 tuliponea chupuchupu. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujipatia imani katika mradi wa XZ Utils, programu ya kubana mafaili inayopatikana karibu katika kila Linux, kisha akapenyeza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyemfichua ni Andres Freund, mhandisi aliyeshangaa kuona kuingia kwa SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Nusu sekunde! Alifuatilia hadi akafika kwenye chanzo, na aliweza kufika kwa sababu hakuna aliyemzuia kuchungulia ndani. Lakini linaloniuma katika kisa hicho ni jambo jingine. Mradi ule ulikuwa ukilelewa na mtu mmoja, bila malipo, aliyekwisha kusema waziwazi kwamba uwezo wake wa kuushughulikia umepungua. Jia Tan alijitokeza kama msaidizi. Alipita pale palipokosa mlezi.

Ugonjwa ni huo huo hapa kwetu. Mtaani ninakoishi, South B, kila nyumba inachanga kila mwezi kumlipa mlinzi wa geti. Hakuna aliyewahi kusema tumlipe siku ya kuweka geti halafu aende zake. Seva tunaifanyia hivyo hasa. Kamati inapitisha pesa za kununua na kuweka mfumo, fundi anaufunga, watu wanapiga picha, basi. Na kwa kuwa programu huria, yaani hizi za msimbo wazi kama Linux, haidai ada ya leseni, wakubwa wanaamini haina gharama tena. Seva ya chama kile ilikuwa na Ubuntu 18.04, toleo mojawapo la Linux, ambalo masasisho yake ya kawaida yalikoma mwaka 2023. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kujua hilo.

Ulezi wenyewe haumalizi hazina ya mtu. Masasisho ya usalama yaingie yenyewe. Kuingia kwa nywila kuzimwe, kila mtu atumie jozi yake ya funguo za kidijitali. Hifadhidata isionekane kutoka nje hata kidogo. Nakala za akiba zikae mahali pengine, na angalau mara moja kwa miezi mitatu mtu azirudishe kwelikweli ili aone kama zinafunguka. Nimeshakutana na ofisi iliyohifadhi mafaili matupu mwaka mzima. Kwa chama kidogo, hizo ni saa chache kwa mwezi za mtu anayelipwa na kuulizwa.

Katika mambo hayo yote, ninalolisisitiza kuliko mengine ni orodha ya watu. Mfanyakazi akiondoka tunamdai funguo za ofisi na kitambulisho cha kazi. Akaunti hatumdai. Wakati huo majina, namba za simu na mikopo ya wanachama vimo mle ndani, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka ofisi imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ijue, ikiwa data imefikiwa na mtu asiyeruhusiwa na wenye data hiyo wako hatarini kudhurika. Nilipomweleza mama mwenyekiti sharti hilo, aliketi.

Seva ile tuliijenga upya yote, kwa maana ukishaingiliwa huwezi kujua mgeni ameacha nini. Kamati ikatenga pesa za kila mwezi. Karani wao, dada asiye na shahada yoyote ya kompyuta, sasa hukaa na orodha ya akaunti kila Jumatatu akiilinganisha na orodha ya mishahara. Wiki ya tatu alinipigia: kuna jina halimo kwenye mishahara. Lilikuwa la fundi aliyefunga mfumo miaka kadhaa nyuma, na lilikuwa na mamlaka yote. Tulilifuta tukiwa bado kwenye simu.