Kitabu Gani kwa Mtoto Anayesoma Kupita Umri Wake?

Binti wa dada yangu ana miaka tisa, yuko darasa la nne, na vitabu vya ziada vya darasa lake alivimaliza kabla muhula wa kwanza haujafika katikati. Shuleni kwao kabati la vitabu limegawanywa kwa utepe wa rangi, kila darasa na rangi yake, na alipoomba kitabu chenye utepe wa darasa la sita aliambiwa asubiri zamu yake ifike. Kwangu rafu hazina utepe. Jumamosi moja nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, anasoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, naye alikwisha kupita kurasa za mwanzo. Nilikichukua kitabu mkononi mwake. Nilikichukua kwa upole, lakini nilikichukua, na tangu siku hiyo najiuliza kama nilichofanya kina tofauti yoyote na alichofanya mwenye ufunguo wa kabati.

Wako wazazi na walimu wanaoamini kwamba mtoto mwenye kipaji cha kusoma aachiwe asome chochote anachokimudu, na hoja yao ina uzito. Msamiati haukui kwa kurudiarudia maneno ambayo mtu anayajua. Hukua pale msomaji anapokutana na neno geni ndani ya habari inayomvuta kiasi kwamba hawezi kuliacha, akalikisia maana, na kisio likigoma akafungua kamusi. Mtoto anayepewa kila siku kijitabu chembamba cha sungura na fisi, ilhali akili yake imekwisha kuanza kuuliza kwa nini watu humtii mtawala dhalimu, hujifunza kutoka kwenye vijitabu hivyo kwamba kusoma kunachosha. Tena, wasemao hivi huongeza kwamba mtoto asichokielewa hukiruka, na kwamba vitabu alivyosoma kwa kujificha, kwa mwanga wa koroboi au chini ya dawati, ndivyo mara nyingi vilivyomfanya mtu kuwa msomaji wa maisha.

Mfumo wetu wa shule nao unawapa nguvu watu hawa. Tanzania inazo shule za sekondari za vipaji maalumu, kama vile Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato, ambazo huchukua wanafunzi waliofanya vizuri sana katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Ni jambo jema, lakini mlango huo hufunguka kidato cha kwanza. Kati ya siku mtoto anapojua kusoma na siku hiyo ipo miaka mingi ambayo hana anayemtambua, isipokuwa kwa bahati ya kupata mwalimu mwenye moyo, au kukaa karibu na maktaba ya mkoa, au kuwa na ndugu mwenye rafu ya vitabu. Kumwambia mtoto wa namna hiyo asubiri rangi yake ni kumwadhibu kwa kosa la kuwahi.

Upande wa pili wanasimama wanaosema kwamba mtoto ni mtoto hata akisoma kama mtu mzima. Mwanasaikolojia wa Marekani Leta Hollingworth, aliyefariki mwaka 1939 baada ya kuwafuatilia kwa miaka mingi watoto wenye akili ya kupita kawaida, aliliona jambo hili mapema: mtoto akiwa na akili ya mkubwa na hisia za mtoto katika mwili mmoja, hukutana na shida ambazo wenzake hawazijui. Kwa upande wa vitabu, maana yake ni kwamba uwezo wa kutamka na kufasiri sentensi hauji pamoja na uwezo wa kubeba kilichomo. Msomaji wa miaka tisa anaweza kuelewa kila neno katika sura inayohusu ubakaji au kujiua, akaisimulia vizuri akiulizwa, kisha usiku akalala macho wazi kwa kuwa hana pa kuliweka jambo lile. Wanaosema kwamba mtoto huruka asichokielewa wanamzungumzia mtoto wa kawaida. Mtoto mwenye kipaji haruki, hurudi pale pale mpaka aelewe.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaomcheka mzazi anayechuja vitabu. Kuchuja ni kazi ya malezi. Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na maadili na malezi ya jamii yetu. Serikali kusimamia kinachoingia shuleni ni wajibu wake, na mzazi aliyelipia kitabu bila kukifungua hana haki ya kushangaa. Ila orodha ya marufuku humwambia mwalimu kitu cha kuondoa, na hapo inaishia. Mtoto anayesoma haraka huyo bado yupo, na rafu yake sasa imepungua.

Turudi kwenye Rosa Mistika, kwa sababu hakuna kitabu cha Kiswahili kinachoonyesha ugumu huu vizuri zaidi. Kilitoka mwaka 1971, kikapigwa marufuku katika shule za Tanzania, na baadaye kikaja kusomwa katika shule hizo hizo kama kitabu cha fasihi cha sekondari. Waliokizuia walikuwa na sababu: kinasema waziwazi juu ya ulevi, ngono na utoaji mimba, na msichana ambaye jina lake liko kwenye jalada anaishia kujiua. Lakini mzizi wa maafa yake ni nini? Ni baba mkali na mlevi, anayempiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya kijana, akamjengea hofu ya wanaume badala ya ujuzi wa kuishi nao, hata msichana alipofika shule mbali na jicho la baba hakuwa na silaha yoyote. Riwaya iliyozuiwa ili kuwalinda wasichana inasimulia habari za msichana aliyeangamia kwa sababu ulinzi aliopewa ulikuwa wa kuzuiwa tu. Kila ninapokifikiria kitabu hiki naona kinawajibu wote wawili: kinamwambia mwenye kuachia kwamba yaliyomo si ya miaka tisa, na kinamwambia mwenye kuzuia kwamba kufuli bila mazungumzo ni hatari kuliko kitabu.

Kwa maoni yangu kosa la pande zote mbili ni kudhani kwamba kitabu kina ngazi moja. Kina ngazi mbili. Ipo ngazi ya lugha na fikra, yaani urefu wa sentensi, uzito wa msamiati, na idadi ya mambo ambayo msomaji anatakiwa kuyashika kwa wakati mmoja. Na ipo ngazi ya maisha, yaani machungu na siri za watu wazima ambazo kitabu kinamtaka msomaji azibebe. Tumezoea kuzipandisha pamoja, kana kwamba kitabu kigumu lazima kiwe na kitanda na jeneza. Mtoto mwenye kipaji anahitaji kitabu kilicho juu sana katika ngazi ya kwanza na kilicho karibu na umri wake katika ya pili. Vitabu hivyo ni vichache, lakini vipo.

Mfano wangu ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Kwa utepe wa shule ni kitabu cha sekondari. Karama anashitakiwa barazani mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, pamoja na mbinguni na ardhini, ambao kila mmoja alirudi na mambo ya manufaa kwa nchi akaishia kifungoni. Kiswahili chake ni kizito na sentensi zake ni ndefu, lakini hakuna humo tukio ambalo mzazi angelifunika kwa mkono. Nilimpa mpwa wangu kitabu hicho wiki moja baada ya kumnyang'anya kile kingine, nikaweka Kamusi ya Kiswahili Sanifu pembeni yake. Siku tatu hakusema neno. Siku ya nne alikuja jikoni, kidole kikiwa kati ya kurasa, akaniuliza, “Mjomba, yule wa kwanza alifungwa. Sasa wa pili kwa nini alikubali kwenda?”

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kama lipo. Swali hilo linahusu ujasiri, uzalendo, na namna nchi inavyowala watu wake bora. Wahakiki wamekisoma kitabu kile kama kioo cha utawala wa kikoloni, na mtoto wa darasa la nne alikuwa amefika kwenye mlango huo huo bila kujua kwamba Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza kilipoandikwa. Akikirudia akiwa na miaka kumi na sita atakuta vyumba vingine ndani yake. Adili na Nduguze ya mwandishi huyo huyo ina sifa hiyo pia, ingawa manyani wanaochapwa kila usiku humsikitisha mtoto mwenye huruma nyingi, na ni vizuri mkubwa awe karibu. Kwa wa miaka kumi na moja au kumi na mbili, Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, inampa kijana anayemtafuta baba yake kutoka Tanga hadi Kitale, kwa Kiswahili kinachopendeza na huzuni inayobebeka.

Shida ni kwamba baada ya hapo orodha inakuwa fupi. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umefanya kazi kubwa ya kuwapa wanaoanza kusoma vitabu vya Kiswahili, lakini kati ya vijitabu hivyo na riwaya za watu wazima bado pana bonde. Wazazi wengi hulijaza bonde hilo kwa vitabu vya Kiingereza, wakihesabu pia kwamba mtoto atakihitaji Kiingereza sekondari. Siwalaumu. Nasikitika tu pale mtoto mwerevu anapoanza kuamini kwamba fikra nzito huandikwa kwa lugha ile, na lugha ya nyumbani ni ya sungura na fisi. Zamani pengo hilo lilizibwa kwa tafsiri, kama Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina za mwishoni mwa miaka ya 1920, ambazo babu zetu walizisoma kwa hamu. Msisimko wake haujachuja. Ila ile ya kwanza inamtazama Mwafrika kwa jicho la mwindaji Mzungu, na mtoto akipewa bila kuambiwa hilo atalipokea kama ukweli.

Kwa hiyo kwa mwalimu mwenye kabati ombi langu ni dogo: utepe ubaki, kwa kuwa unawasaidia watoto wengi, lakini mtoto akiomba kitabu cha juu, kifunguliwe katikati mbele yake, asome ukurasa mmoja kwa sauti, kisha aulizwe anafikiri nini. Dakika tano zinatosha kujua kama anasoma herufi au anasoma jambo. Kwa mzazi, kazi ni ngumu zaidi, maana inamtaka asome yeye kwanza. Hakuna muhtasari wa nyuma ya jalada utakaomwambia kama sura ya saba itamvunja moyo mtoto wake, ambaye yeye ndiye anayemjua.

Rosa Mistika imerudi mahali pake kwenye rafu, na sikuifungia. Nimemwambia mpwa wangu kwa nini niliichukua: kwamba ni habari ya msichana aliyeumizwa na watu waliotakiwa kumlinda, na kwamba nataka tuisome pamoja atakapofika miaka kumi na minne, mimi na yeye na mama yake. Alihesabu kwa vidole, akasema ni miaka mitano, akauliza kama anaweza kuandika tarehe ndani ya jalada. Nikampa kalamu.