Ndege Tulizozitungua Wenyewe

Ukikaa kwenye mawe ya Capri Point jioni, kisiwa cha Saanane kiko mbele yako, hatua chache za boti. Watu wazima wa Mwanza hawaishiwi na simulizi za mwishoni mwa Machi 1979, pale ndege ya Libya aina ya Tu-22, iliyotumwa na Gaddafi kumsaidia nduli Amin wa Uganda, ilipokuja kulipua matangi ya mafuta ya mji huu. Ilikosa shabaha. Walioumia zaidi walikuwa swala na ndege wa kisiwani. Hii tunaisimulia huku tukicheka. Siku chache baadaye ndege zetu zikaenda kupiga maghala ya mafuta ya Kampala, Jinja na Tororo, na hiyo tunaisimulia kifua mbele.

Ipo simulizi ya tatu ambayo sauti hushuka ikifikiwa. Mwanzoni mwa vita vya Kagera, mwaka 1978, ndege zetu za kivita zilizokuwa zikielekea kutua Musoma zilitunguliwa na askari wetu wa mizinga, waliodhani ni za Amin. Idadi inayotajwa katika maandishi ya vita vile ni tatu. Swala wa Saanane tumewapa nafasi kubwa kuliko marubani hao.

Wapo wanaosema iachwe ilivyo, na sikubaliani na wanaowaita waoga. Hoja yao nzito inamhusu aliyeshika mzinga. Mpige picha: Bukoba imeshashambuliwa kutoka angani, redio haina habari nyingine, kila mvumo juu ya ziwa unamshtua. Ndege inayotokea umbali wa kilomita 5 ikienda kilomita 900 kwa saa inamfikia kwa sekunde 20. Hata ikipunguza mwendo nusu, ana sekunde 40. Pande zote mbili zinarusha ndege za aina ya MiG, kwa hiyo umbo halimsaidii. Ndege inayokuja kutua hushuka chini na kuelekea uwanjani moja kwa moja, na inayokuja kushambulia uwanja hufanya hivyohivyo. Nani kati yetu angesubiri aone alama ya ubavuni?

Wala si ushamba wa jeshi changa. Juni 28, 1940, huko Tobruk, Waitalia walimtungua Italo Balbo, gavana wao wenyewe wa Libya, muda mfupi baada ya Waingereza kushambulia kutoka angani. Machi 23, 2003, kombora la Patriot la Marekani liliiangusha ndege ya kivita ya Uingereza aina ya Tornado iliyokuwa ikirudi kambini karibu na mpaka wa Kuwait na Iraki. Wote wawili waliokuwamo walikufa. Vifaa vya kutambua rafiki na adui vilikuwepo, tena vya gharama.

Na wakati wa vita kunyamaza ni wajibu. Kumtangazia Amin kwamba mizinga yetu na marubani wetu hawana mawasiliano ni sawa na kumwachia mlango wazi. Hapo sina ubishi kabisa.

Ila vita vile viliisha mwaka 1979. Kinachobaki ni hoja ya aibu, na hoja ya kumsitiri yule askari. Ya aibu niipite: jeshi lililoshinda linaweza kuibeba. Hii ya kumsitiri ndiyo inayonisumbua, kwa sababu naona ukimya unamfanyia kinyume. Jambo lisipoelezwa, watu hulieleza wenyewe, na maelezo ya kijiweni siku zote humtafuta mtu: alikuwa mlevi, alikuwa mwoga, alihongwa. Uingereza ilichapisha ripoti ya ile Tornado. Anayeisoma anakutana na kifaa cha utambulisho kilichoshindwa, na mtambo uliopangwa kuiona ndege kama kombora la adui. Kidole kilichofyatua kipo, lakini hakiko peke yake.

Kufichaficha nako kuna gharama yake. Pat Tillman, askari wa Marekani, aliuawa Afghanistan Aprili 2004 kwa risasi za wenzake. Kwanza familia iliambiwa kauawa na adui, ukweli ukawafikia zaidi ya mwezi baadaye. Mama yake alipigania maelezo kwa miaka. Uchungu wa kifo ulikuwa mmoja, wakaongezewa wa kudanganywa.

Mahali ninapowaunga mkono wa kunyamaza ni kwenye majina. Tunajua mitandao yetu ilivyo. Jina la mpiga mzinga likitoka asubuhi, kufikia adhuhuri wajukuu zake wameshatungiwa vichekesho. Tukio lielezwe lote, saa, uwanja, amri na mawasiliano, na yeye abaki askari tu. Marubani ni jambo jingine. Jina la rubani litajwe Julai 25, Siku ya Mashujaa, familia yake ikiridhia, bila kuongeza uongo kuhusu nani alimpiga.

Mimi, nikipata bahati ya kukaa na mzee aliyekuwa kwenye mizinga ile ya Musoma, sitamuuliza kwa nini alifyatua. Nitamuuliza kama siku ile kuna mtu yeyote alimwambia kwamba kuna ndege zetu njiani.