Tik

Jumatatu saa kumi na moja na nusu asubuhi, Thika Road inaanza kujaa na mimi niko kwa pakingi ya ploti huku Roysambu nazungusha funguo, gari inasema tik. Tik moja tu. Taa za dashibodi zinafifia kama mtu anasinzia kanisani, halafu zinarudi. Narudia, tik.

Na hapa Nairobi gari ikikataa kuwaka kila mtu ni makanika. Keateka akasema ni stata. Jirani wa namba nane, hajawahi kumiliki hata baiskeli, akashika kiuno akasema ni altaneta. Mama wa mandazi getini akaniuliza kwani niko na mafuta. Vijana wakaja wakasukuma weee, tuko karibu na stage ndio mmoja anauliza, "Buda, kwani hii ni oto?" Oto, yaani gari ya gia zinazojibadilisha zenyewe, haiwaki kwa kusukumwa hata mkiifikisha Thika, lakini mia mbili yao walichukua.

Fundi akaja. Mita ya kupima umeme hakutoa, waya hakugusa, akainamia tu injini akatikisa kichwa, "Boss, betri imekufa." Elfu tisa, ukiacha ile ya zamani anakutolea elfu moja na mia tano. Nikatuma pesa, mpya ikafungwa, gari ikanguruma, mimi huyo nikampa yule fundi jina la daktari.

Alhamisi, tik.

Sasa usiku huo soja wetu, mzee kutoka Kitui aliyeendesha lori la Mombasa miaka mingi, akaniambia kijana leta tochi. Akashika ile terminali ya negativu, kile chuma cha waya kinachobana kichwa cha betri, kwa vidole viwili, ikazunguka. "Hii inacheza kama jino la mtoto." Kumbe yule daktari alipigilia msumari katikati ndio ishike, na mashimo ya hii mtaa yakaulegeza kwa siku tatu! Ndani imejaa unga mweupe wa kijani kijani, kama mkate umesahaulika.

Akanituma kwa fundi wa redio niazime mita. Betri yenyewe ilisoma volti 12.6, haina neno. Halafu akaweka ncha moja juu ya kichwa cha betri na nyingine kwa terminali, akaniambia piga stata. Tik, mita ikasoma 1.8. Akasema hapo isipite kama 0.2, hiyo ingine yote inapotelea njiani, nikakumbuka pesa za harambee ya binamu yangu.

Akafungua negativu kwanza, eti spana ikigusa bodi ukiwa umeanza na positivu utaona cheche za krismasi. Maji moto na beking soda, ikafoka pfff, msasa, msumari ukatupwa, nati ikakazwa vizuri, grisi juu. Hata ule waya wa athi (earth) unaoshika injini na bodi akauchomoa akaukwangua kutu. Gari ikawaka kabla sijamaliza kuzungusha funguo. Bei: chai na mandazi mbili.

Jumamosi nimepita kwa yule fundi nimuulize vizuri, sina hasira, nauliza tu. Nikakuta Probox yake boneti iko wazi, na ndani betri imeandikwa namba ya gari yangu kwa rangi nyekundu ya kucha za mama watoto, maana betri huibiwa hii mtaa.

"Fundi, hiyo betri iko aje?"

"Aah, hii ni moto, boss. Inapiga mara moja tu."