Niseme ninayo, au ninyamaze?

Philando Castile, dereva mweusi Marekani, alikuwa ameshatoa karatasi ya bima. Askari Jeronimo Yanez alikuwa kamsimamisha kwa sababu ya taa ya breki, ni kama saa tatu usiku tarehe 6 Julai 2016, Falcon Heights kule Minnesota, na Castile kwa upole kabisa, tena kwa heshima, akamwambia afande napaswa kukwambia nina silaha. Kibali anacho. Yanez hata hakumwacha amalize, akasema sawa, basi usiiguse. Toka aseme anayo hadi risasi ya saba kutoka ni kama sekunde kumi tu, na tano kati ya hizo zilimpata. Mpenzi wake kakaa pembeni, mtoto wa miaka minne yuko kiti cha nyuma. Kati ya maneno ya mwisho ya Castile ni kwamba hakuwa anaifuata ile bastola, na waliokuja kumhudumia waliikuta bado iko mfukoni.

Kila hii kesi ikirudi watu hugawanyika haraka sana, hawa ubaguzi, wale ooh polisi naye ni binadamu anataka kurudi nyumbani kwake. Yote yana uzito, sibishi. Ila kuna mtu mmoja katikati hapo namwona hasikilizwi vizuri, naye ni huyu aliyebeba silaha kihalali halafu akaamua kuwa mkweli. Wanaotetea haki ya kubeba silaha wanamkwepa manake ukimtetea inabidi umguse polisi, wanaotetea haki za weusi nao wengi hawana raha kuizungumzia bastola kama haki, na polisi kwao yeye ni hatari iliyo hai tu. Chama kikubwa cha wamiliki wa silaha, NRA, ambacho kwa kawaida hakikawii kufungua mdomo, kilikaa siku mbili ndo kikatoa maneno machache bila hata kumtaja jina, eti taarifa zinasikitisha, tusubiri uchunguzi.

Sasa tuangalie hali yenyewe ilivyo. Polisi anakuja dirishani anasema leta leseni na bima. Leseni inakaa wapi? Mfukoni nyuma, kwenye pochi, au kwenye kile kisanduku cha mbele ya abiria. Na bastola inakaa wapi? Kiunoni au mfukoni, pengine kwenye kisanduku hichohicho. Kwa hiyo amri ya kwanza inakutuma mkono uende kulekule ambako amri ya pili inakukataza usiende, na amri zote mbili zimetoka mdomo mmoja ndani ya sekunde chache. Hapo mtu anafanyaje? Na wala haihitaji bastola kuwepo. South Carolina mwaka 2014 kuna mtu aliombwa leseni kituo cha mafuta, akageuka kuichukua ndani ya gari, akapigwa risasi. Alipouliza kwa nini umenipiga, jibu likawa umejitupa ndani ya gari ghafla. Alikuwa anafanya alichoambiwa! Yule wa South Carolina alipona, na askari baadaye alikiri kosa mahakamani, ila hiyo ni nadra kweli.

Kuna kesi nyingine nadhani kila anayebishana kuhusu hili aitazame, ya Canton, Ohio, 2011. Sheria ya Ohio wakati ule ilimtaka mwenye kibali amwambie polisi mara moja kwamba ana silaha. Dereva yuko kwenye usukani, kadi yake ya kibali kaishika mkononi, anajaribu kusema zaidi ya mara moja, anaambiwa nyamaza. Mwishowe askari anapojua kuna bastola anapandisha hasira mbaya, anamwambia angepaswa kurudi hatua mbili nyuma na kummiminia risasi kumi, kamera ya gari inarekodi yote. Halafu kilichonifanya nicheke kicheko cha uchungu, dereva ndo akafunguliwa kesi ya kutotoa taarifa mapema! Ilifutwa, sawa, lakini fikiria tu, umenyamazishwa halafu unashtakiwa kwa kunyamaza.

Na sheria zenyewe hazifanani. Majimbo mengine unalazimika kusema bila kuulizwa, mengine mpaka uulizwe, Ohio yenyewe ilibadilisha 2022 sasa ni mpaka uulizwe. Minnesota pia ni ukiulizwa. Maana yake Castile alitoa zaidi ya alichodaiwa, alisema kabla hajaulizwa, na huo uungwana wake ndo ukawa chanzo cha hofu ya aliyemuua. Hapa ndo hasira yangu inapoanzia, sifichi.

Lakini ngoja tuwe wa haki, upande wa polisi si wa kubeza hata kidogo. Kuna video karibu kila aliyepita mafunzo ya polisi Marekani kaiona, ya Kyle Dinkheller, naibu sherifu (askari wa kaunti) wa miaka 22 kule Laurens County, Georgia, Januari 1998. Kamsimamisha mtu kwa mwendo kasi, mtu anacheza cheza barabarani, anagoma amri, kisha anaenda kwenye gari lake anatoa bunduki, na kijana anauawa huku kamera inarekodi na sauti yake inasikika. Vijana wanaoonyeshwa hiyo video wanaondoka na somo moja, ukichelewa umekufa. Ella French naye aliuawa Chicago Agosti 2021 kwenye kusimamisha gari kwa kawaida tu. Na siku moja tu baada ya Castile, tarehe 7 Julai 2016, Dallas waliuawa polisi watano kwenye maandamano, na pale kulikuwa na waandamanaji zaidi ya 20 wamebeba bunduki kihalali, na mmoja wao picha yake ilisambazwa na polisi kama mtuhumiwa kumbe hana hatia, akajisalimisha mwenyewe na kuachiwa. Mkuu wa polisi Dallas, David Brown, alisema wazi kwamba watu wakitembea na bunduki halafu risasi zikaanza kulia, kumjua mwema na mbaya ni kazi ngumu sana. Nani atamlaumu kwa kusema hivyo?

Ongeza na hili, majimbo 29 sasa hivi mtu mzima anaweza kubeba bastola bila kibali chochote, South Carolina na Louisiana ndo zilijiunga 2024. Zamani angalau kibali kilimwambia polisi kitu, huyu mtu kapimwa rekodi yake. Leo hiyo ishara inapotea, na wanasiasa waliopitisha sheria hizo wengi ndo haohao wanaosema wanawapenda polisi. Polisi anaachwa dirishani ajisomee mwenyewe sura ya mtu.

Sasa twende kwenye namba, manake hofu nayo inapimika. Profesa mmoja wa sheria, Jordan Blair Woods, alichapisha 2019 utafiti wa mashirika zaidi ya 200 ya polisi Florida, data ya miaka kumi. Akakuta kwa makadirio ya tahadhari polisi kuuawa kwa makusudi kwenye kusimamisha gari la kawaida ni mara 1 kwa kila magari milioni 6.5. Kujeruhiwa vibaya, 1 kwa 361,111. Kushambuliwa kwa namna yoyote, hata kama hakuumia, 1 kwa 6,959. Mimi hii milioni 6.5 imenikaa kichwani siku nyingi. Marekani kwa mwaka husimamishwa madereva kama milioni 20, nchi nzima. Na Florida si jimbo la watawa, ni jimbo lililojaa bastola, vibali vya kubeba kwa siri vilishapita milioni moja zamani, kwa hiyo huwezi kusema utulivu ule ni kwa sababu magari yalikuwa matupu. Magari yalikuwa na bastola! Watu walisimamishwa, wakaandikiwa faini, wakaenda zao na bastola zao chini ya shati, na wengi wala polisi hakujua.

Kuna jibu la upande wa pili nalo si la kijinga. Wanasema namba ni ndogo kwa sababu polisi wako makini, ukiwaambia walegee itapanda. Pengine. Nimelizungusha sana hili jibu na bado halinitoshi, kwa sababu linatumia neno makini kwa mambo mawili tofauti. Makini ya kusimama vizuri nyuma ya mlango, kuwasha taa, kuangalia mikono, kuongea taratibu, hiyo kweli inaokoa watu, endelea nayo. Lakini makini ya kuchomoa kwa sababu mtu ametamka neno bastola, hiyo inaokoa nani, kutoka kwa nani? Anayetaka kukuua hakutangazii. Sijui kwa nini jambo rahisi hivi halifundishwi kwa sauti ile ile inayotumika kufundisha video ya Dinkheller, kwamba anayekwambia anayo kwa hiari yake ndo kwa kawaida wa kuogopwa mwisho. Upande mwingine wa mizani, New York Times walihesabu 2021 madereva na abiria zaidi ya 400 waliouawa na polisi ndani ya miaka mitano, wasioshika bunduki wala kisu na wasiofukuzwa kwa kosa la kutumia nguvu.

Mahakama nazo zimechangia kuukoroga huu mchuzi. Kesi ya Mahakama ya Juu ya Graham v. Connor ya 1989 ilisema nguvu ya polisi ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliye pale, si kwa kuangalia nyuma ukiwa umekaa kitini, kwa sababu maamuzi ni ya kufumba na kufumbua. Inaeleweka. Ila mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya Mzunguko wa Nne (mizunguko ni kanda za mahakama za shirikisho), kwenye kesi ya Robinson ya West Virginia, gari lilisimamishwa kwa sababu ya mkanda wa usalama, ikaenda mbali zaidi, ikasema mtu aliyesimamishwa kihalali akiwa na silaha anahesabiwa ni hatari, anaweza kusachiwa, hata kama silaha yake ni halali. Jaji mmoja akaandika waziwazi kwamba anayechagua kubeba anaacha baadhi ya kinga zake nyingine. Kumbuka Robinson mwenyewe hakuruhusiwa kuwa na silaha, alikuwa na hatia ya zamani, lakini kanuni iliyotoka pale inawagusa wote. Miaka miwili kabla ya hapo Mzunguko wa Sita ulisema karibu kinyume kwa mtu wa Toledo aliyekuwa anatembeza mbwa na bastola kiunoni, kwamba jambo ambalo jimbo limeruhusu haliwezi lenyewe tu kuwa sababu ya kumshuku mtu. Mmoja yuko kwenye gari mwingine kwa miguu, najua si kesi moja, lakini haki ni hiyohiyo, sa mbona upande mmoja inakulinda na upande mwingine inakugharimu?

Kuna suala la bangi pia, nalitaja kwa sababu litatajwa tu. Yanez alisema alisikia harufu, na sheria ya shirikisho inamkataza mtumiaji wa bangi kumiliki silaha, kwa hiyo wapo wanaosema Castile hakuwa halali hata kidogo. Kisheria kuna hoja pale. Lakini adhabu ya kosa hilo inatolewa na hakimu baada ya kesi, haitolewi dirishani. Juri, yaani raia wanaoamua kesi, hata hivyo ilimwachia Yanez tarehe 16 Juni 2017, na kwa sheria ilivyo siwezi kusema walichanganyikiwa, waliulizwa kuhusu hofu yake nao wakajibu kuhusu hofu yake.

Kitu kimoja kimesogea. Mei 2025 Mahakama ya Juu, majaji wote tisa, kwenye kesi ya Barnes v. Felix, iliyoanza na gari kusimamishwa Houston kwa madeni ya tozo za barabara, ilikataa ule mtindo wa kuangalia sekunde ile ya tishio peke yake. Sasa inabidi uangaliwe mkasa mzima. Ni kesi ya madai, haimfungi mtu jela, lakini inafungua swali ambalo kwa Castile lilikuwa ndo lenyewe, nani aliyeitengeneza hali? Nani aliomba karatasi kabla ya kuuliza una silaha, iko wapi, basi weka mikono kwenye usukani tuongee? Hayo maneno hayagharimu hata senti, na tangu kesi ya Mimms ya 1977, nayo ya Mahakama ya Juu, polisi ana ruhusa hata ya kukutoa nje ya gari akiona bora iwe hivyo. Njia anazo nyingi kuliko dereva.

Ajabu mafunzo mengi yanamwendea dereva. Texas ilipitisha 2017 sheria ya kufundisha wanafunzi wa sekondari namna ya kukaa wakisimamishwa na polisi, na polisi nao wafundishwe, hapo nawapa haki yao, Illinois iliweka somo kama hilo kwenye shule za udereva. Mtoto wa miaka 16 anajifunza kushika usukani mikono yote miwili, kutosogea ghafla, kutangaza kila anachotaka kukifanya kabla hajakifanya. Sawa, afundishwe. Ila Castile kwa hesabu ya chini alikuwa ameshasimamishwa mara 46 tangu 2002, nyingi kwa vitu vidogo vidogo, na zaidi ya nusu ya makosa aliyoandikiwa yalifutwa. Hakukuwa na somo la kusimamishwa ambalo yule mtu alikuwa hajalirudia.