Posho au chambo?

Ukitaka kujua semina ina watu wangapi, usihesabu asubuhi. Saa tatu utakuta kumi na wanne, nusu yao wameinamia simu. Baada ya chai wanakuwa ishirini. Ikifika saa kumi alasiri, mhasibu akatokea mlangoni na fomu ya posho, viti vinakwisha na wengine wanasimama ukutani. Nimeyaona haya Bagamoyo kwa miaka kadhaa, nilipokuwa naitwa kuandika kumbukumbu za vikao vya watu kutoka Dar es Salaam. Siku moja bwana mmoja alisaini siku tatu kwa mpigo, kwa kalamu aliyoazima kwangu. Kalamu hakuirudisha.

Kwa nini vikao vinaletwa huku? Anayeusifu mji atakutajia magofu ya Kaole, majumba ya Mji Mkongwe, upepo wa bahari na kamba wa kukaanga. Vyote vipo na vyote ni vizuri. Ila sababu yenye nguvu zaidi ni umbali. Kutoka Dar ni kama kilomita 70: mbali kiasi cha kumfanya mtumishi alale nje ya kituo chake cha kazi na kustahili posho ya kujikimu, karibu kiasi cha kumfikisha kwake Ijumaa kabla ya magharibi. Hakuna aliyetunga sheria kwamba semina zije Bagamoyo. Kanuni ya malipo ilitungwa, na watu wakaifuata mpaka ilipowafikisha ufukweni.

Neno posho lenyewe si geni hapa. Karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwanzo na mwisho wa misafara ya bara. Mpagazi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, kilo thelathini na ushee, akatembea miezi hadi Unyamwezi au Ujiji. Alikuwa na ujira wake waliopatana. Kando ya ujira palikuwa na posho: chakula cha siku, au kipande cha kitambaa cha kununulia chakula njiani. Posho ile haikuwa shukrani wala kishawishi. Ilitolewa kwa sababu mtu mwenye njaa hafikishi mzigo.

Nashikilia maana hiyo ya zamani kwa sababu inatenganisha mambo mawili ambayo siku hizi tunayaita yote motisha. Kuna fedha inayomwezesha mtu kufanya jambo analolitaka au linalompasa, ambalo hana njia ya kulifanya. Hiyo ni posho. Na kuna fedha inayomvuta afanye jambo ambalo bila hiyo asingelifanya. Hiyo, kwa lugha ya wavuvi wetu, ni chambo. Vyote viwili vinafanya kazi, lakini chambo humleta samaki kwenye ndoana, si kwenye mtumbwi wowote unaoutaka wewe.

Wanaotetea motisha wana hoja nzito, na mkono mtupu haulambwi. Mtumishi anayeambiwa kila siku kuhusu wito wake ana kodi ya nyumba na ada za watoto. Mara nyingi wanaohubiri wito ni watu ambao wao wenyewe wanalipwa vizuri. Wanaopinga nao hawasemi upuuzi: ukishaanza kumlipa mtu kwa kuhudhuria kazi yake mwenyewe, siku usipolipa haji. Mwaka 2011 mabishano haya yalifika bungeni, Zitto Kabwe alipokataa posho ya kikao, hoja ikiwa kwamba mbunge tayari ana mshahara na kuketi bungeni ndiyo kazi yenyewe. Nilikubaliana naye wakati ule na nakubaliana naye leo. Ila mjadala ulibaki kwenye uadilifu wa mtu mmojammoja, ukapita pembeni ya swali lililonivutia zaidi: je, fedha ile inanunua nini hasa?

Bagamoyo inaweza kulijibu, kwa sababu imewahi kuwa uwanja wa majaribio mara mbili mfululizo.

Mwaka 2010 TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ilianza kujaribu mpango wa kuzipa kaya maskini fedha kwa masharti katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji vilikuwa 80. Nusu yake viliingia kwenye mpango kwa bahati nasibu na nusu vikasubiri, ili tofauti ipimike. Fedha zilitoka kila baada ya miezi miwili. Masharti: watoto wadogo wapelekwe kliniki, wazee wakapimwe angalau mara moja kwa mwaka, na wa umri wa shule wahudhurie asilimia 80 ya siku za masomo. Ukitazama kwa haraka, hicho ni chambo kitupu. Peleka mtoto, upate fedha.

Matokeo hayakukaa hivyo. Kwenye vijiji vya mpango watoto wengi zaidi walimaliza darasa la saba, jambo ambalo sharti la mahudhurio linaweza kudai sifa yake. Lakini kliniki ilikuwa na kisa chake: mwanzoni safari za kliniki ziliongezeka, baadaye zikapungua, na wakati huohuo siku ambazo watu wanaugua zikapungua. Kaya zilijiunga kwa wingi na mfuko wa afya ya jamii, zikaongeza kuku na mbuzi, na watoto wakavaa viatu. Hapakuwa na sharti la kiatu. Hakuna karani aliyezunguka kukagua miguu. Mama aliyenunua alijua tangu zamani kwamba mwanawe anakanyaga minyoo na vipande vya chupa. Alichokosa ni fedha.

Kwangu mimi hiyo ni posho ya msafara. Mwenye mawazo tofauti atanijibu kwamba bila masharti fedha zingeishia vilabuni, na siwezi kumkatalia kwa kutumia jaribio lile, maana halikuwa na kundi lililopewa fedha bila masharti. Kwa hiyo mahudhurio ya shule tuyaache yagawanywe kati ya sharti na shilingi, kila mtu akate kipande chake. Kiatu hakigawanyiki.

Mwaka uliofuata, 2011, ukaja mpango wa pili, safari hii kwa watoa huduma. Mkoa wote wa Pwani uliingia kwenye malipo kwa ufanisi, kwa msaada wa Norway: zahanati, vituo vya afya na hospitali viliwekewa malengo, na kila miezi sita waliofikia walilipwa zaidi. Hapa palikuwa na chambo cha kweli, na kilivuta. Watafiti walipolinganisha na maeneo yasiyokuwa na mpango, walikuta katika kila wanawake 100, wanaojifungulia kituoni wameongezeka kwa kama 8, na wajawazito wanaopewa dawa za kuzuia malaria wameongezeka kwa kama 10. Hata wanaotozwa fedha wakati wa kujifungua walipungua kwa 5 katika kila 100. Aliyewahi kukaa usiku kucha na mzazi anayetoka damu kijijini, gari likiwa halipatikani, hatazidharau takwimu hizo.

Sasa geuza upande wa pili. Huduma zenye malipo walizozipima zilikuwa 8. Zilizosogea ni 2 tu, kujifungulia kituoni na dawa za malaria. Na kwenye zahanati, huduma ambazo hazikuwa na malipo zilipungua: watoto wa chini ya miaka mitano walioletwa kwa mambo mengine walipungua kwa karibu 58 kwa mwezi kwa kila zahanati, na wenye umri zaidi ya hapo kwa karibu 91. Mama wa Kiwangwa mwenye mtoto anayekohoa hakuwa kwenye orodha ya malengo. Sidhani kuna muuguzi aliyeamka asubuhi akasema leo sitahudumia kikohozi. Zahanati ina watu wawili, mmoja yuko likizo. Mikono ni ileile, na sehemu moja ya kazi imewekewa bei. Mikono huenda penye bei.

Ningependa kuishia hapo na kusema posho ni nzuri, chambo ni kibaya. Shule zinanikatalia. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha mpango wa KiuFunza kwenye shule za msingi 350 katika wilaya 10 nchini. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. La pili, walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la Kiswahili, la Kiingereza au la Hisabati. La tatu lilipata vyote, la nne halikupata kitu. Ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto. Ahadi peke yake ilitoa matokeo ya kusuasua, leo yapo kesho hayapo. Shule zilizopata vyote viwili ndizo zilizosonga, na zilisonga kuliko ukijumlisha hayo mengine mawili.

Kwa hiyo mpagazi alihitaji chakula na alihitaji pia ujira wa kumngoja mwisho wa safari. Chakula bila ujira, anakaa kambini ale. Ujira bila chakula, anaanguka njiani. Kosa la semina zetu ni kwamba posho imekula nafasi ya vyote viwili: inalipwa kama chakula cha njiani, inapokewa kama ujira, na mzigo hauulizwi umefika au la.

Mtaani watu wanalielewa hili bila utafiti. Nenda kijiwe chochote cha bodaboda utazame pikipiki, usimtazame dereva. Ya hesabu, ambayo kijana anampelekea tajiri kiasi fulani kila jioni na kubaki na kinachozidi, inabadilishwa oili ikishaanza kulia. Ya mkataba, ambayo baada ya miezi ya marejesho itakuwa mali yake, inaoshwa kila siku na mwenyewe anakerwa ukikalia taa. Kijana huyohuyo akihama kutoka hesabu kwenda mkataba anabadilika ndani ya wiki. Lakini usimuonee wivu: wa mkataba ndiye anayeendesha mpaka saa saba usiku, macho mekundu, kwa sababu rejesho halina Ijumaa wala Jumapili.

Na pale ambapo hakuna posho wala chambo, tunabandika tangazo. "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti." Muuza vifaa vya ujenzi anakutajia bei mbili, ya risiti na isiyo ya risiti, na kodi ya asilimia 18 imelala katikati. Mnunuzi anaombwa achague ile ya juu kwa uzalendo. Taiwan waliona tangu 1951 kwamba uzalendo huo unachoka, wakaigeuza kila risiti kuwa tiketi ya bahati nasibu. Bahati nasibu siipendi. Tangazo nalo nimelisoma mara nyingi, na mfuko wangu bado unachagua bei ya chini.

Serikali ya awamu ya tano, ya Rais Magufuli, ilipoanza kuzibana semina za hotelini mwishoni mwa 2015, wengine tulifurahi kwa sauti. Furaha ilipungua tulipoona waliopunguzwa kwanza: dada wa usafi, kijana wa madafu, mama aliyekuwa akipeleka samaki jikoni. Hao hawakuwahi kusaini fomu yoyote.

Nilimweleza rafiki yangu mwalimu pendekezo langu: mtu alipwe nauli na kitanda kwa gharama halisi, kinachobaki kihamishiwe kwenye mshahara wa wote, waliokuja Bagamoyo na waliobaki ofisini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka.

"Ndugu yangu, mshahara wangu ukiongezwa, kodi inachukua, na bodi ya mikopo inakata asilimia 15. Posho haikatwi na yeyote. Halafu ya posho mama watoto haijui."