Preri Changa na Haraka ya Kupuliza Dawa

Preri, yaani mbuga ya nyasi na maua ya asili ya Marekani, ikiwa na miezi mitatu si kitu cha kuonyesha wageni. Aliyemwaga mbegu za nyasi na maua ya asili katika majimbo ya Iowa au Illinois mwezi wa tano, ukifika wa nane anatazama ukuta wa magugu kama Setaria na Ambrosia uliompita kiuno, na zile mbegu za bei kali hazioni. Hapo ndipo ushauri wa kupuliza dawa unapomwingia: maliza magugu sasa, kabla hayajamaliza ulichopanda.

Ushauri huo una msingi. Iowa imebakiwa na chini ya asilimia 0.1 ya preri yake ya awali, kwa hiyo kila kipande kinachorudishwa kina thamani. Tena yapo magugu yasiyojali kufyekwa. Mbaruti wa Kanada (Cirsium arvense), ambao licha ya jina lake ulitoka ng'ambo ya Atlantiki, hutambaa kwa mizizi chini ya ardhi, na kipande kidogo tu cha mzizi huchipusha mmea mpya. Anayeungojea kwa subira anaupa nafasi ya kujitanua.

Shida ni kwamba yanayomtisha mwenye shamba mwaka wa kwanza kwa kawaida siyo hayo. Setaria na Ambrosia ni mimea ya msimu mmoja. Baridi kali ikipiga, imekwisha. Nyasi ya asili kama Andropogon gerardii ni ya miaka mingi, na mwaka wa kwanza nguvu zake huzipeleka chini, kwenye mizizi ambayo ikikomaa hupita mita mbili. Juu huonekana nyonge, mtu akadhani imeshindwa. Haijashindwa, imenyimwa mwanga tu, na mwanga hupatikana kwa kukata. Magugu yakikaribia sentimita 40, yashushwe hadi 10 au 15, na kazi hiyo irudiwe msimu mzima. Miche ya asili bado ni mifupi, kisu cha mashine kinapita juu ya vichwa vyake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northern Iowa, katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2007, waliona maua ya asili yaliyosiwa ndani ya nyasi kongwe yakinawiri zaidi palipokatwa mara kwa mara msimu wa kwanza.

Dawa nayo haina macho. Glaifosati huua karibu kila jani la kijani inalogusa. Klopiralidi, inayosifiwa kwa kuua mbaruti, huwadhuru pia ndugu zake wa jamii ya alizeti pamoja na jamii ya kunde, yaani sehemu kubwa ya maua ambayo mtu aliyanunua ili yaipambe preri yake.

Na kung'oa? Wengi huona ndiyo njia safi, na mimi niliwahi kudhani hivyo. Lakini kung'oa gugu kubwa huondoka na miche iliyo jirani na kupindua udongo uliolala. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William James Beal alifukia chupa 20 zenye mbegu huko Michigan, zifukuliwe moja moja kwa vipindi ili ijulikane mbegu hudumu hai muda gani. Ilipofukuliwa moja mwaka 2021, zaidi ya miaka 141 baadaye, mbegu za gugu liitwalo Verbascum bado ziliota. Umri huo unashangaza, ila kinachonisumbua zaidi ni namna watafiti walivyoichimba chupa hiyo: usiku, kwa taa hafifu ya kijani, wakihofia kwamba mwanga ungeziamsha mbegu kabla ya wakati wake. Basi fikiria jembe linalopindua udongo wa shamba la zamani saa sita mchana.

Kukata nako kuna mipaka. Melilotus, gugu la jamii ya kunde, huishi miaka miwili na mbegu zake hukaa ardhini kwa miongo. Moto wa kuihudumia preri huzisukuma kuota kwa wingi, na aliyechoma mwaka huu asipoifuata mwaka ujao amejipandia balaa. Ikatwe inapochanua, kabla haijatoa mbegu. Mbaruti wa Kanada ndio hasa unaostahili dawa, na hata huo upakwe shina kwa shina, majira ya vuli, kabla ya baridi kali, unapokuwa unarudisha chakula mizizini, bila kuuogesha uwanja mzima.