Piastri hakuwa dhaifu Monza, waliokosea ni McLaren

Nimechoka kusikia kwamba Oscar Piastri, dereva wa timu ya McLaren, hana roho ya ubingwa. Maneno haya yalianza kwenye mbio za Monza, Italia, Septemba 2025, yakapoa kidogo, na sasa kila mjadala wa langalanga ukifika kwenye zile pointi 2 ambazo Lando Norris, mwenzake wa McLaren, alimshinda nazo Max Verstappen wa Red Bull kwenye ubingwa wa mwaka huo, yanafufuliwa upya. Eti bingwa wa kweli asingemwachia mwenzake nafasi. Eti Max angejifanya hasikii redio.

Tukumbushane ilivyokuwa. Verstappen alikuwa mbele peke yake, Norris wa pili, Piastri wa tatu. Kwa kawaida aliye mbele ndiye anayeingia piti (kubadili matairi) kwanza, lakini McLaren walimwita Piastri atangulie, wakihofia Charles Leclerc wa Ferrari aliyekuwa nyuma yake. Norris alikubali, ila alitaka ahakikishiwe kwamba hatapitwa kwa mpango huo. Zamu yake ilipofika, gurudumu la mbele kushoto likasumbua. Gari likakaa karibu sekunde 6 na alipotoka, Piastri alishapita. Ndipo ikaja amri: rudisha nafasi. Piastri akawakumbusha kwamba walishakubaliana piti ikichelewa hiyo ni sehemu ya mbio, kwa hiyo haoni kilichobadilika. Lakini wakitaka afanye, atafanya. Akapunguza mwendo, Norris akapita.

Huo ndio udhaifu? Kijana wa miaka 24, anaongoza ubingwa kwa pointi 34 alipoingia Italia, anaambiwa mbele ya dunia nzima alipe deni ambalo si lake. Hakutukana na hakugomea. Aliwaambia mabosi wake walipokosea, kwa sentensi mbili, huku anaendesha gari kwenye mbio zenye kasi kuliko zote katika msimu, kisha akaheshimu amri ya timu inayomlipa. Wangapi kati yetu tunaweza kumwambia mkubwa wetu kazini kwamba amekosea, tukasema bila kelele, na bado tukamaliza kazi?

Waliokosea ni timu. Mafundi walichelewa, na wakubwa waliokuwa na vichwa vya sauti masikioni wakaamua kosa hilo lifutwe na dereva ambaye hakuhusika nalo hata kidogo. Piga hesabu. Badiliko lile lilimwongezea Norris pointi 3. Alimaliza msimu na 423, Verstappen 421. Mengine yote yakibaki vilevile, bila Monza Norris angekuwa na 420 na kombe lingekuwa la Verstappen. Amri moja ya redio imebeba uzito huo, halafu sisi tunajadili moyo wa Piastri!

Najua mtanijibu kwa Hungary 2024. Haya, nakubali kwa shingo upande kwamba Norris naye alirudisha nafasi siku ile, tena nafasi ya kwanza, mzunguko wa 68 kati ya 70, na Piastri akapata ushindi wake wa kwanza. Lakini Hungary timu yenyewe ndiyo iliyopindua mpangilio: ilimwita Norris piti mapema ilhali Piastri ndiye aliyekuwa anaongoza. Walijua watakachosababisha, wakaahidi kukirekebisha. Monza ahadi ilihusu zamu ya kuingia piti, na zamu ile peke yake haikumpokonya Norris kitu. Kilichompokonya ni gurudumu. Ukianza kurudisha nafasi kwa sababu ya gurudumu, utaishia wapi? Injini ikizima utamrudishia nani?

Na huyo Max mnayemtolea mfano, tumtazame vizuri. Barcelona, Juni mwaka huohuo, Red Bull walimwekea matairi magumu baada ya gari la usalama (linalotangulia wote polepole kukiwa na hatari njiani), wenzake wengi wakiwa na laini. Kosa la timu, hilo sibishi. Leclerc akampita, yeye akabanana na George Russell wa Mercedes, na redio ikamwambia amwachie Russell nafasi. Hasira zikampanda. Akapunguza mwendo kana kwamba anaachia, kisha akamgonga. Adhabu ya sekunde 10 ikamtoa nafasi ya 5 hadi ya 10, pointi 10 zikawa 1. Tisa zimekwenda, kwa mtu aliyekuja kukosa ubingwa kwa 2! Mwenyewe alikiri kesho yake kwamba halikuwa jambo sahihi. Ninampenda Verstappen kwa udereva wake, sijawahi kuona mtu akirejea kutoka pointi 104 nyuma namna ile, ila hasira ile ilimgharimu, na tusimpelekee Piastri kama somo. Hata Sebastian Vettel wa Red Bull alipokaidi amri Malaysia 2013 na kumpita mwenzake Mark Webber, mwisho wa mwaka alitwaa ubingwa kwa tofauti ya pointi 155. Hakuzihitaji zile alizochukua kwa ukaidi.

Kwenye rali mbona tunakuwa na huruma? Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, kule Naivasha, Thierry Neuville aliongoza hadi asubuhi ya siku ya mwisho, gari likaharibika upande wa nyuma na ushindi ukamwendea Sébastien Ogier. Watu walimsikitikia.

Piastri ana makosa yake, tena makubwa. Baku aliondoka kabla ya taa za kuanzia kuzimika, kisha akajigonga ukutani mzunguko wa kwanza. Hapo mlaumu yeye. Las Vegas magari yote mawili ya McLaren yalifutiwa matokeo kwa ubao wa chini kulika kupita kiasi, hilo ni la timu.

Lakini Qatar ndiyo inayoniuma zaidi. Mzunguko wa 7 gari la usalama likatoka. Matairi yaliruhusiwa mizunguko 25 tu kwa seti, mbio ni mizunguko 57, yaani 50 iliyobaki ni seti mbili kamili. Kuingia piti wakati huo hakupotezi muda mwingi, kwa hiyo karibu wote wakaingia, lakini si McLaren. Piastri aliyekuwa anaongoza akamaliza wa pili, Norris wa nne. Na usiku ule mashabiki walimshambulia nani? Kimi Antonelli wa Mercedes, mtoto wa miaka 19, kwa sababu aliteleza mwishoni na Norris akampita. Helmut Marko, aliyekuwa mshauri wa Red Bull wakati huo, akasema Antonelli alimwachia Norris kwa makusudi, na Red Bull ikalazimika kueleza masikitiko baadaye kwa matusi na vitisho vilivyomfuata kijana huyo mtandaoni. Kama wewe ni mmoja wa walioandika, futa, kisha mwombe radhi. Na hasira ikikubakia, wapelekee walioona gari la usalama mzunguko wa 7 wakawaacha madereva wao waendelee.